Mwenzako Yuko Wapi?

Jumapili moja, Misa ya pili ilipokwisha, tulikuwa tumesimama uwanjani mbele ya kanisa, hapa Uvira, watu wakisalimiana kama ilivyo desturi. Mama mmoja wa shirika letu akamshika binti yetu mkono, akamsifu jinsi alivyokua, kisha akamwuliza akicheka: "Na mwenzako yuko wapi?" Binti yetu ana miaka tisa. Akanitazama mimi baba yake. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama yule hakuwa na nia mbaya. Swali hilo twaliuliza sote, nami nimeliuliza nyumbani mwa watu kabla halijaingia mwangu. Lakini tangu siku ile nimelifikiri sana. Na kwa kuwa kazi yangu ya ukatekista ni kufundisha kwa masimulizi, nimeanza kuyachungua masimulizi yenyewe: je, yatusaidia kulijibu swali hili, au ndiyo yaliyotufundisha kuliuliza? Basi leo, wasomaji wapendwa, tupime pamoja masimulizi mawili. La kwanza mnalijua tangu mafundisho ya utotoni: habari za Rakeli na Lea katika Kitabu cha Mwanzo. La pili ni riwaya ya Kenya iitwayo Coming to Birth, iliyoandikwa na Marjorie Oludhe Macgoye na kutolewa mwaka 1986.

Kwanza tuelewane juu ya shida yenyewe. Wako watu wa ndoa wasiopata mtoto hata mmoja. Hao twawahurumia na kuwaombea. Wako na wengine waliozaa mara moja au mbili, kisha uzazi ukasimama. Hao hawahurumiwi. Wakilia, huambiwa: "Nyamazeni, ninyi mnaye mmoja." Wakinyamaza, huulizwa: "Mbona mmoja tu?" Wala msidhani kwamba ni wachache. Mwaka 2000 mtaalamu Ulla Larsen alitoa uchunguzi juu ya nchi 28 za Afrika kusini ya Sahara. Ulionyesha kwamba wanaokosa mtoto kabisa si wengi, lakini katika nchi nyingi waliozaa kisha wakashindwa kuzaa tena ni wengi kuliko hao: kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 44, Togo walikuwa 5 kwa 100, na kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati walikuwa 23 kwa 100. Basi, katika kila kanisa lililojaa, wamo. Wanakaa benchi moja nasi, na macho yao yanahesabu vichwa vya watoto katika benchi la mbele. Mimi najua, maana macho yangu yamehesabu.

Nilivyomsoma Rakeli vibaya

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wachumba na watu wa ndoa habari ya Rakeli kwa namna moja tu. Nilisema: Rakeli alikuwa tasa, akalia, akasali, Mungu akamkumbuka, akampata Yosefu, halafu akampata Benyamini. Basi ninyi nanyi mvumilie, mtapata. Ilikuwa hadithi fupi, nzuri, na watu waliipenda.

Siku moja, baada ya somo, mama mmoja anayeuza ndagala kule Kalundu alibaki nyuma. Ana mtoto mmoja wa kiume, ambaye sasa ni kijana. Akaniambia kwa heshima: "Mwalimu, ni kweli Rakeli alipata wa pili. Lakini alikufa siku ile ile. Mbona mwalimu husomi mpaka hapo?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, nikasoma kutoka sura ya 29 mpaka ya 35 bila kuruka. Nakiri mbele yenu: nilikuwa nimekata hadithi mahali paliponipendeza, kama mtu akataye kitambaa kwa kipimo chake mwenyewe.

Hebu tutazame Maandiko yanavyosimulia. Yakobo ana wake wawili, tena ndugu wa tumbo moja. Lea anazaa, lakini hapendwi kama mdogo wake. Rakeli anapendwa, lakini hazai. Lea akizaa, majina ya baadhi ya watoto wake yanaeleza tumaini lake kwamba sasa mume ataambatana naye. Rakeli akitazama, anamwonea dada yake wivu, anamwambia mume kwamba asipopata watoto atakufa. Kila mmoja ameweka jicho lake mlangoni mwa mwenzake. Mwenye watoto anataka mume. Mwenye mume anataka watoto. Ikafika hata siku ya kubadilishana kama sokoni: Rakeli anataka tunguja alizookota mtoto wa Lea shambani, matunda yaliyosadikiwa kuwa dawa ya uzazi, na kwa ajili ya hayo anamwachia dada yake zamu ya usiku kwa Yakobo. Wala matunda hayo hayakumsaidia aliyeyataka: aliyezaa tena ni Lea.

Na Lea mwenyewe, je? Wengi hatukumwona. Maandiko yasema wazi kwamba baada ya Yuda, mtoto wake wa nne, aliacha kuzaa. Kumbe hata yule tuliyemhesabu kuwa tajiri alipita katika ukame, naye akahangaika mpaka akamtoa mjakazi wake kwa Yakobo, kama Rakeli alivyokwisha kufanya. Watoto wanne hawakumtosha, maana hakuwa akiwahesabu wanne wale; alikuwa akihesabu nyumba ya pili.

Lakini lililonigusa zaidi ni jina la Yosefu. Siku Rakeli alipompata mtoto aliyemlilia miaka yote ile, alimpa jina lenye maana ya kuomba aongezewe mwingine. Mtoto bado ni mchanga mikononi, na jina lake tayari ni swali: mwenzako yuko wapi? Simsemi vibaya Rakeli. Nani kwetu angefanya vingine, baada ya kudharauliwa muda mrefu hivyo? Nataka tu tuone jinsi mwandishi mtakatifu alivyo mkweli. Hakuficha kwamba anayepata huweza kubaki na njaa. Kisha akaacha miaka mingi ya kimya kati ya Yosefu na Benyamini: Yakobo anatumika tena kwa Labani, wanahama, wanavuka mto, wanapiga kambi hapa na pale, na juu ya tumbo la Rakeli hakuna neno. Mwishoni, njiani kwenda Efrata, mtoto wa pili anazaliwa na mama anafariki.

Basi mama wa Kalundu alisoma vizuri kuliko mwalimu wake. Masimulizi ya Rakeli si ahadi kwamba asiyepata atapata. Ni habari ya dada wawili walioumizana kwa kutazamana, na ya Mungu ambaye hakumwacha hata mmoja wao, mwenye wengi wala mwenye wachache.

Riwaya ya Paulina

Kitabu cha pili niliazimwa na rafiki aliyesoma Nairobi. Kiingereza changu si kingi. Nilikuwa na kamusi kando. Jioni, binti yetu akilala, nilimfasiria bibi yangu kurasa mbili tatu kwa Kiswahili, naye akisikiliza huku akichambua mchele au akishona. Tulichukua karibu miezi mitatu.

Mwandishi, Bibi Macgoye, alizaliwa Uingereza mwaka 1928. Alifika Kenya mwaka 1954 kufanya kazi ya vitabu katika misioni ya Kianglikana, akaolewa na Mjaluo mwaka 1960, akafariki huko mwaka 2015. Aliyaandika maisha ya Wajaluo kama mtu wa nyumbani. Kitabu hiki kilipata Tuzo ya Sinclair mwaka 1986.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, Paulina, msichana wa miaka 16, anapanda gari la moshi kwenda Nairobi kwa mumewe Martin. Ana mimba, na mara inaharibika. Akitoka hospitali anapotea mjini. Akirudi nyumbani, mumewe anampiga. Mimba nyingine nazo zaharibika. Martin anatafuta wanawake wengine, lakini nao hawamzalii. Paulina anajifunza kazi za ufundi wa nyumbani, anafundisha wanawake kule Kisumu, anajitegemea. Huko anapata mtoto wa kiume, Okeyo, kwa mwanamume asiye mume wake. Mwezi wa Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta anafika Kisumu kufungua hospitali. Fujo inatokea, walinzi wanapiga risasi kati ya watu. Jambo hilo lilitokea kweli, na watu walikufa. Katika riwaya, mtoto Okeyo ni mmoja wao. Tangu hapo Paulina hana mtoto, wala hapati mwingine miaka mingi. Anarudi Nairobi, anafanya kazi nyumbani mwa mbunge, na baadaye yeye na Martin wanapatana tena. Kitabu kinapofungwa, ana mimba.

Sasa tukipime. Nitaanza na yale mazuri, maana ni mengi.

La kwanza, mwandishi hakumpima Paulina kwa tumbo lake. Wengine katika kitabu wanampima hivyo, na maneno yao twayasikia. Lakini mwandishi mwenyewe anatuonyesha mtu anayekua: msichana aliyepotea barabarani anakuwa mwanamke anayejua mji, anayeshika fedha zake, anayesema ukweli mbele ya wakubwa. Yote hayo yanatokea katika miaka ambayo jirani wangeiita miaka mitupu. Bibi yangu alisema: "Huyu anaishi. Hangojei tu." Naona hilo ndilo sifa kubwa ya kitabu.

La pili, swali halikuwekwa kwa mwanamke peke yake. Martin anamlaumu mkewe, anakwenda kwa wengine, na huko nako hapati. Mwandishi hatoi hotuba. Anaacha mambo yaseme. Ingefaa wanaume wa pwani yetu, kutoka Kavimvira mpaka Baraka, wayasikie. Ni mara ngapi twamfukuza mke au kuleta wa pili, kabla mwanamume mwenyewe hajakubali kupimwa?

La tatu, kifo cha Okeyo. Wengine wangejaza kurasa kwa vilio. Bibi Macgoye hafanyi hivyo. Mtoto alikuwapo, sasa hayupo, na mama yake anapaswa kuamka kesho. Aliyezaa akafiwa, jirani humhesabu kama asiyezaa kamwe. Lakini Paulina ni mama wa Okeyo kila siku mpaka mwisho wa kitabu, na mwandishi halisahau hilo. Wako akina mama wengi kwetu, waliopita vitani na kukimbia kuvuka Ruzizi, wanaohesabiwa vibaya namna hiyo.

Msomaji wa parokia ataniuliza: je, mtoto yule hakupatikana kwa uzinzi? Ndiyo, na mimi katekista siwezi kusema vingine kuhusu jambo lile. Ndoa haifungwi ili ivunjwe siku mtoto anapokawia. Lakini mwandishi haonyeshi njia hiyo kuwa tamu. Ameonyesha pia nani aliyeanza kuivunja nyumba. Kusoma kosa la mtu kitabuni si kulisifu. Kitabu cha Mwanzo nacho kina mengi ya namna hiyo.

Sasa nitaje upungufu, nao ni mmoja tu, lakini kwa watu kama sisi ni mkubwa. Ni ule mwisho. Najua sababu yake: jina la kitabu lataka kuzaliwa, na mwandishi alikuwa akifikiri pia juu ya nchi ya Kenya iliyokuwa ikizaliwa kwa uchungu. Kwa upande wa sanaa, mambo yamefungwa vizuri. Lakini nilipomfasiria bibi yangu kurasa za mwisho, aliweka chini kitambaa alichokuwa akishona, akasema: "Basi na yeye amepata." Akaenda kulala. Taa ilibaki nami na kitabu.

Miezi mitatu Paulina alikuwa mwenzake. Usiku mmoja alihamia benchi la mbele.

Mwisho wa namna hiyo, pasipo kukusudia, wasema kwamba miaka yote ile ilikuwa chumba cha kungojea, na mshahara wa uvumilivu ni mimba. Na aliyevumilia asipate, aseme nini? Kwamba hakuvumilia vizuri? Ni kosa lile lile nililofanya nilipomkata Rakeli katikati. Hata katika vyumba vya maombi utasikia shuhuda za waliopata. Waliosali miaka 10 wasipate hawaitwi mbele.

Yupo mwandishi mwingine aliyethubutu kufanya vingine. Flora Nwapa wa Nijeria, katika riwaya yake Efuru ya mwaka 1966, alisimulia habari za mwanamke wa kando ya ziwa, mfanyabiashara hodari, aliyempata binti mmoja, akamzika, na asipate mwingine. Kitabu kile kinafungwa kwa swali, si kwa mimba. Efuru anamwelekea roho wa ziwa lao. Huko sisi Wakristu hatuwezi kumfuata. Lakini juu ya jambo moja Nwapa alikuwa na ujasiri kuliko Macgoye: alimwacha mwanamke abaki na heshima yake yote bila kumtilia mtoto mikononi kwenye ukurasa wa mwisho.

Tufanyeje basi?

Je, nawashauri msisome Coming to Birth? La, hasha. Mwenye kujua Kiingereza akisome, na mwenye kusoma awafasirie wengine. Ila akumbuke kwamba hazina yake iko katikati, si mwishoni. Na anayefundisha habari ya Rakeli asome mpaka kaburini.

Nawaomba pia msichanganye imani na kukataa msaada. Uzazi ukisimama baada ya mtoto wa kwanza, mara nyingi kuna sababu inayoweza kutafutwa: maambukizo baada ya kujifungua au mimba kuharibika, magonjwa ya zinaa kama kisonono yasiyotibiwa mapema ambayo huziba mirija ya uzazi, umri uliosonga, au udhaifu katika mbegu za mwanamume. Mume na mke waende pamoja, wapimwe wote wawili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na shida ya uzazi katika maisha yake. Hii si laana ya ukoo fulani, wala si kazi ya jirani mwenye jicho baya.

Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mtoto ni zawadi, wala si kitu tunachokidai kama deni. Tumezoea kulisoma neno hilo kwa kuwaonya wasio na watoto. Lafaa pia kusomwa na wenye watoto wengi. Ikiwa ni zawadi, basi mwenye saba hakulipwa kwa wema wake, na mwenye mmoja hakunyimwa kwa ubaya wake. Zawadi haihesabiwi mlangoni mwa jirani.

Siku ile ya swali, tulirudi nyumbani kwa miguu, ziwa likiwa upande wetu, mitumbwi imevutwa mchangani kwa ajili ya Jumapili. Binti yetu alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Baba, mwenzangu yuko wapi?"

Ningaliweza kumwambia kwamba tunasali, na kwamba atakuja. Nimekwisha kuwaambia wengi hivyo. Lakini nilimkumbuka Yosefu, aliyebeba maisha yake yote jina la kumwombea mwingine. Nikamjibu: "Sijui, binti yangu. Huenda yuko, huenda hayuko. Wewe uko." Akafikiri kidogo, akanishika mkono, tukaendelea kutembea.

Ndugu wasomaji, Jumapili ijayo mkimwona mtoto wa mtu uwanjani pa kanisa, msifuni kwa kukua kwake, mwulizeni habari za shule, mwacheni aende. Yeye yupo. Hilo latosha kumshukuru Mungu.